Muziki Shuleni: Unafundishwaje, na Unamfikisha Wapi Mwanafunzi

Mhariri wa gazeti letu ameniomba nieleze habari za masomo ya muziki: yafundishwa kwa namna gani katika shule ya Serikali kama hii yetu, isiyo na kinanda wala chumba cha muziki, na yaweza kumfikisha wapi mtoto ayapendaye. Nimekubali upesi, maana jambo lenyewe halingoji. Wazazi wawili wa watoto wa kidato cha tatu wamemwandikia Mkuu wa Shule wakitaka watoto wao watolewe katika kwaya, kwa kuuhofia mtihani wa mwakani. Mzazi wa tatu ameandika kinyume chao. Yeye ataka kujua kama binti yake, ambaye hutunga nyimbo za sauti nne na kuziandika kwa mkono wake mwenyewe, anaweza kupata cheti cha kazi hiyo, na wapi. Tena kuna ombi lililo mbele ya Mkuu wa Shule, nitakalolitaja mwishoni, ambalo litafaulu au litakufa kabla muhula huu haujafungwa.

Yafaa msomaji ajue anayemwandikia ni nani. Mimi ni mwalimu wa Hisabati. Muziki niliujifunza katika kwaya nilipokuwa kijana, kwa solfa, na kwaya ya shule nilikabidhiwa kwa sababu mwenzangu aliyekuwa nayo alihamishwa. Basi nitasema zaidi juu ya yale niyafundishayo kila juma, na yaliyobaki nitayapitia kwa kadiri yanavyomfaa mwanafunzi wetu.

Nianze na solfa, kwa sababu ndicho chombo pekee cha muziki ambacho shule maskini yaweza kuwa nacho bila kununua kitu. Majina yale ya do, re, mi yana asili ya mbali. Katika karne ya 11 mtawa mmoja wa Italia, Guido wa Arezzo, alizipa sauti za ngazi majina yaliyotokana na mianzo ya mistari ya wimbo wa kanisa wa Kilatini, ili waimbaji wake wapate kuimba wimbo wasioujua bila kufundishwa kwa kusikia tu. Zaidi ya miaka 700 baadaye mwalimu mmoja wa kike katika mji wa Norwich, Uingereza, jina lake Sarah Ann Glover, aliyafanyia matengenezo majina hayo kwa ajili ya watoto wa shule. Kisha mchungaji John Curwen, ambaye katika mkutano wa walimu wa shule za Jumapili uliofanyika Hull mwaka 1841 alipewa kazi ya kutafuta njia nyepesi kupita zote ya kufundisha kuimba, aliichukua njia ya Bibi Glover, akaiendeleza, akaichapisha kwa bei ndogo. Ni vizuri kukumbuka kwamba Curwen mwenyewe hakuwa mwanamuziki. Alijifunza kusoma sauti katika njia ile ile aliyokuja kuieneza. Wamisionari na walimu waliichukua wakaileta Afrika, nayo ikashika mizizi kuliko ilivyoshika kwao.

Sasa tuone inavyofanya kazi. Ngazi ya sauti ina vidato saba, navyo huandikwa kwa herufi za kwanza za majina yake: d, r, m, f, s, l, t, na cha nane ni d nyingine iliyo juu, yenye alama ndogo kando yake. Vidato hivi havikuachana kwa umbali sawa. Kutoka mi hadi fa, na kutoka ti hadi do ya juu, hatua ni nusu. Hatua nyingine zote ni nzima. Atazamaye kinanda ataona jambo hilo kwa macho: mahali pawili hapana ufunguo mweusi kati ya vyeupe viwili. Mwanafunzi mgeni hukosea hapo hapo kila mara. Huipandisha fa mno, na kwaya nzima huhama nayo bila kujua.

Uzuri wa njia hii ni kwamba do haikufungwa mahali. Kiongozi wa kwaya huitoa do mahali popote panapowafaa waimbaji wake, na sauti nyingine zote hujipanga nyuma yake kama watoto nyuma ya mama yao. Wavulana ambao sauti zao zinavunjika wakishindwa kufika juu, naishusha do kidogo, na karatasi waliyo nayo mkononi haibadiliki hata herufi moja. Kwa noti za mistari mitano lazima ningeandika upya kila kitu.

Mapigo nayo huandikwa kwa alama ambazo zimo katika kila mashine ya chapa. Kistari kilichosimama hutangulia pigo lenye nguvu, nukta mbili hutangulia pigo dhaifu, kistari kilicholala humaanisha sauti iendelee kushikwa, na mahali palipo wazi ni kimya. Zoezi langu la siku ya kwanza ni hili:

| d : r | m : – | m : r | d : – ||

Mtoto asiyepata kuona muziki ulioandikwa hulisoma zoezi hilo katika dakika kumi. Nukta moja katikati ya pigo huligawa nusu mbili, na hapo ndipo mimi mwalimu wa Hisabati hujiona niko nyumbani, maana nusu na robo zinazowatia homa darasani huzipiga kwa kiganja bila kulalamika.

Curwen aliongeza ishara za mkono. Ngumi ni do. Kiganja kilicholala, kikitazama chini, ni mi. Kiganja kilichosimama kikikielekea kifua ni so. Kidole cha shahada kinachoonyesha juu ni ti, kwa sababu sauti hiyo yataka kupanda kufika do. Kwa ishara hizo naweza kuimbisha darasa zima bila kutamka neno na bila ubao, kila mkono wangu na sauti yake, wa kulia kwa wasichana na wa kushoto kwa wavulana. Zoltán Kodály, mtungaji mashuhuri wa Hungaria aliyefariki mwaka 1967, alizipenda ishara hizo hata akaziingiza katika mafundisho ya muziki ya nchi yake. Mwaka 1950 shule ya msingi ya kwanza ya namna hiyo, ambamo watoto huimba kila siku ya masomo, ilifunguliwa katika mji wake wa kuzaliwa, Kecskemét. Walianza kwa sauti za watoto zenyewe, vyombo vikafuata baadaye.

Lakini mfano ulio karibu nasi zaidi ni ule mnaouimba mstarini. Enoch Sontonga alikuwa mwalimu wa shule ya misheni ya Wamethodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg. Alikuwa akitungia watoto wa shule nyimbo na kuziandika kwa solfa katika daftari. Mwaka 1897 aliandika mmoja, Nkosi Sikelel' iAfrika, nao ukaimbwa hadharani mwaka 1899. Sontonga alifariki mwaka 1905, akiwa na umri wa miaka thelathini na kitu tu. Sauti ya wimbo wake ndiyo sauti ya Mungu Ibariki Afrika, Wimbo wetu wa Taifa. Zambia yaitumia kwa maneno mengine, na tangu mwaka 1997 ni sehemu ya wimbo wa taifa wa Afrika Kusini. Mwalimu wa shule, daftari la shule, herufi saba. Wapo wasemao kwamba solfa ni muziki wa watu wasiokwenda shule. Ningependa wanionyeshe noti za mistari zilizosafiri mbali kuliko hapo.

Sisemi kwamba solfa yatosha kwa kila kitu. Haitoshi, na hasa hapa kwetu Ugogoni ni lazima tuseme ukweli huo. Wimbo wa Kigogo unaposimamishwa na akina mama kwa ngoma za muheme, au unapopigwa kwa izeze na ilimba, hautumii vidato saba. Watafiti walioziandika nyimbo hizo wameonyesha kwamba sauti zake zatokana na sauti za asili ambazo waya mmoja au filimbi moja huzitoa yenyewe, zile ambazo mitetemo yake hulingana kwa hesabu ya 4, 5, 6, 7, 8, 9 na 10. Ukizipanga utapata sauti tano: do, re, mi, so, na moja iliyo chini kidogo ya ti. Ile ya tano, yenye hesabu ya 7, haimo katika kinanda hata kidogo. Iko chini ya ufunguo mweusi ulio karibu nayo. Kwa hiyo mtoto wa Kigogo anayeambiwa na mwalimu mgeni kwamba "anaimba vibaya" huenda anaimba sawasawa kabisa, ila kwa hesabu nyingine. Nawaomba walimu wenzangu wasimsahihishe kabla ya kusikiliza vema.

Kadhalika taarabu ya pwani. Mwenye kupiga udi au kanuni katika maqamu ya Rasti au Bayati hutumia sauti zilizo kati ya nusu na nzima, ambazo solfa haina herufi zake. Wanafunzi wetu waliokulia katika kaswida huzisikia sauti hizo bila shida, na mara mbili nimewatumia wanifundishe mimi.

Jambo moja zaidi la ufundi, kisha nitaingia katika habari za vyuo. Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Mtungaji asipoiweka silabi hiyo juu ya pigo lenye nguvu, wimbo husikika kama umeimbwa na mgeni. Tena maana yaweza kupotea: barabara ya magari mkazo wake uko karibu na mwisho, lakini barabara ya "sawasawa kabisa" mkazo wake uko mapema zaidi, nayo ni mojawapo ya maneno machache yanayokaidi kanuni. Nyimbo nyingi zilizotafsiriwa zamani kutoka Kijerumani na Kiingereza zina kasoro hiyo, kwa kuwa maneno yalilazimishwa kuvaa sauti iliyoshonwa kwa lugha nyingine. Binti yule niliyemtaja mwanzo husahihisha tungo zake kwa kuzisema kwanza kama maneno ya kawaida huku akipiga meza. Sikumfundisha mimi; aliligundua mwenyewe.

Basi mtoto wa namna hii aende wapi?

Hapa shuleni ana kwaya na ana ngoma, na kupitia hizo anafika UMISSETA, ambako kwaya na ngoma hushindanishwa pamoja na michezo, kuanzia wilayani hadi mkoani na kufika taifa. Hiyo ni njia nzuri ya kuonekana, lakini haina cheti cha masomo. Cheti cha masomo hutoka katika mtihani. Baraza la Mitihani la Tanzania limekuwa na mtihani wa Muziki kwa kidato cha nne tangu zamani, wenye sehemu ya kuandika na sehemu ya vitendo, lakini shule zinazoandikisha watahiniwa ni chache, kwa sababu walimu ni wachache. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kuingizwa kwa awamu mwaka 2024, umeweka mkondo wa amali kando ya mkondo wa jumla, na sanaa ni miongoni mwa fani zake. Shule yetu ina mkondo wa jumla peke yake. Mzazi mwenye mtoto wa darasa la saba anayetaka sana muziki aulize mapema, kabla ya uchaguzi wa shule, ni shule gani za mkondo wa amali zinazofundisha fani hiyo.

Baada ya kidato cha nne mlango wa kwanza ni Bagamoyo. Chuo cha Sanaa kilianzishwa hapo mwaka 1981, nacho tangu mwaka 2007 huitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, yaani TaSUBa. Hufundisha muziki, ngoma, maigizo, sanaa za ufundi na kazi za jukwaani, kwa ngazi ya cheti na stashahada. Mgogo mwenzetu Hukwe Zawose, mzaliwa wa kijiji cha Doduma, alikuwa mwalimu katika chuo hicho. Alipofariki Desemba 2003 sauti yake na ilimba yake zilikuwa zimesikika Ulaya, Asia na Marekani, na kazi zake zilikuwa zimetolewa Uingereza. Watoto wa mkoa huu wangalitazamiwa kujaa Bagamoyo. Hawajai, na sababu moja ni hii ifuatayo, ambayo nataka wazazi na wanafunzi waisome mara mbili. Anayeomba kuingia ngazi ya cheti hapana budi awe amefaulu masomo manne katika mtihani wa kidato cha nne, nje ya masomo ya dini. Kujua kupiga ngoma peke yake hakufungui mlango huo. Nimemfahamu kijana aliyekuwa na mkono mwepesi wa ngoma kuliko yeyote niliyepata kumsikia, akaacha vitabu katika kidato cha nne akisema yeye ni msanii. Alipata ufaulu wa masomo mawili, na chuo cha usanii hakikuweza kumpokea.

Kwa anayetaka kuwa mwalimu, Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza, kimejulikana miaka mingi kwa kuandaa walimu wa muziki na sanaa nyingine, na wengi wa walimu wachache wa somo hili nchini wamepita huko. Baada ya kidato cha sita viko vyuo vikuu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya sanaa ambamo muziki husomwa kwa shahada. Chuo Kikuu cha Makumira, kilichoko Usa River karibu na Arusha, nacho kina shahada ya muziki, na wanafunzi wake hujifunza vyombo vya kwetu na vya kigeni bega kwa bega. Huko kote huhitajiwa ufaulu wa kidato cha sita kama kwa shahada yoyote nyingine.

Unguja kuna chuo ambacho mimi nakipenda kwa sababu ya jambo linalofundishwa humo. Kilianzishwa mwaka 2002 katika Mji Mkongwe, kwa jina la chuo cha muziki cha nchi za majahazi, na watu hukiita kwa herufi DCMA. Humo vijana hufundishwa udi, kanuni, fidla, kodiani na ngoma, wazee wa taarabu wakiwa miongoni mwa walimu, na baadhi ya wanamuziki wa Siti and the Band walitokea hapo. Chuo hicho hutegemea sana misaada, nacho kimepita katika dhiki ya fedha. Kwa hiyo atakaye kwenda aandike kwanza barua na kupata jibu kabla ya kukata tikiti ya boti. Unguja wenyewe husimulia kwamba Sultani Barghash, aliyetawala tangu mwaka 1870 hadi 1888, alimpeleka kijana Mohamed Ibrahim Misri ili ajifunze kanuni, na aliporudi ndipo taarabu ilipoanza kukua visiwani. Kama ni hivyo, basi ufadhili wa masomo ya muziki si jambo geni Afrika Mashariki.

Iko pia mitihani ya daraja 8 inayosimamiwa kutoka London na bodi ya vyuo vya muziki vya kifalme, ijulikanayo kwa herufi ABRSM, iliyoundwa mwaka 1889. Mwanafunzi hufanya kwa chombo chake au kwa kuimba, daraja baada ya daraja, na tangu mwaka 2020 aweza kurekodi picha na sauti ya upigaji wake na kuipeleka kwa mtandao. Afikaye daraja la 6 lazima awe amekwisha kufaulu nadharia ya daraja la 5, au mtihani mwingine unaokubaliwa badala yake. Vyeti hivyo vyaheshimiwa, lakini ada yake si ndogo kwa mzazi mwenye mshahara wa kawaida, na kinachopimwa humo zaidi ni muziki wa Ulaya. Simshauri mzazi auze mbuzi kwa ajili hiyo wakati mtoto hajajua bado kama atadumu.

Jirani zetu wa Kenya wametutangulia katika jambo moja, na hakuna aibu kulisema. Tangu mwaka 1927 wana tamasha la muziki ambalo leo shule za msingi, sekondari na vyuo vya nchi nzima hushindana, na baadhi ya washindi huchaguliwa kuimba mbele ya Rais. Muziki ni somo la mtihani wao wa sekondari, chuo kikuu cha Kenyatta chafundisha walimu wake, na katika utaratibu wao mpya wa sekondari ya juu, ulioanza mwaka 2026, sanaa na michezo ni mojawapo ya njia tatu anazochagua mwanafunzi. Tena Nairobi, katika mtaa wa Korogocho ulio kando ya jalala kubwa, kuna mradi wa Ghetto Classics ambao tangu mwaka 2008 umewafundisha watoto wa mtaa ule fidla na tarumbeta. Walioanzisha miradi ya namna hii hutaja sana mfano wa Venezuela, ambako mwaka 1975 José Antonio Abreu alianza na vijana 11 katika gereji ya magari mjini Caracas, na baadaye Serikali yao ikagharimia okestra za watoto nchi nzima.

Kazi je? Majeshi yetu, Polisi na Magereza wana bendi za tarumbeta ambazo wapigaji wake ni askari wenye mshahara na malipo ya uzeeni. Huingia kwanza kwa sifa za askari, kisha muziki huwapa mahali pao. Wako walimu. Wako viongozi wa kwaya wanaolipwa, ingawa kidogo. Wako mafundi wa studio, ambao kusoma mapigo na kutambua sauti iliyopotea ni nusu ya kazi yao. Wako wanaopanda jukwaani, na hao ndio kila kijana huwafikiria kwanza, nao ndio wachache kabisa.

Sasa zile barua. Kwa wazazi wawili wenye hofu nasema hivi. Kwaya hukutana mara mbili kwa juma, kila mara saa moja na robo, yaani saa mbili na nusu katika juma lenye saa 168. Muda huo haukuchukuliwa katika kipindi chochote cha darasani wala katika masomo ya usiku. Hata hivyo hofu yenu si ya bure. Msimu wa mashindano mazoezi huongezeka, na mwaka jana yaliongezeka kupita kiasi. Kwa hiyo tumekubaliana na Mwalimu wa Taaluma mambo mawili: mazoezi ya nyongeza hayatazidi siku mbili kwa juma hata mashindano yakiwa karibu, na mwanafunzi wa kidato cha nne ataacha kwaya kuanzia mwezi wa Agosti hadi amalize mtihani Novemba. Sitawadanganya kwamba kuimba humwongezea mtoto akili ya Hisabati, kama wengine wapendavyo kusema. Nina waimbaji hodari ambao kugawa kwa sehemu kumewashinda, na kijana wangu wa kwanza katika Hisabati hawezi kushika do hata kwa kamba. Muziki ni elimu yenyewe, nao una kazi yake. Hauhitaji kuombewa kibali na Hisabati.

Kwa mzazi wa binti mtungaji: njia yake imekwisha kuonekana katika maelezo ya juu. Yuko kidato cha tatu, basi amechelewa kulisoma somo la Muziki kwa mtihani wa kidato cha nne hapa kwetu. Hajachelewa kwa Bagamoyo, wala kwa Butimba au chuo kikuu hapo baadaye, ikiwa masomo yake mengine yatasimama. Kemia yake imeyumba. Mwalimu wake amekubali kumsaidia siku za Jumamosi. Kwa sasa naomba aandike tungo zake zote katika daftari moja, kwa kalamu ya wino, kila moja na tarehe yake na jina lake, na asimpe mtu daftari hilo aondoke nalo. Nyimbo za watu wengi katika nchi hii huimbwa makanisani na redioni bila jina la aliyezitunga kutajwa, kwa kuwa hapakuwa na karatasi ya kuonyesha.

Na lile ombi. Tumemwomba Mkuu wa Shule aanzishe somo la Muziki kwa kidato cha kwanza cha mwaka ujao, nalo lifike mtihani wa kidato cha nne. Amejibu kwamba atamwombea shule mwalimu mwenye cheti cha somo hilo ikiwa wanafunzi wasiopungua 20 wa kidato cha kwanza na cha pili watajiandikisha kuonyesha kwamba somo lina watu, kila mmoja na sahihi ya mzazi wake. Wa kidato cha pili hawatalisoma kwa mtihani, lakini watakubaliwa katika darasa la jioni, nami nitalifundisha hadi mwalimu apatikane. Ninapoandika haya majina ni 13, wavulana 5 na wasichana 8. Karatasi iko kwa katibu wa shule, nayo itafungwa siku ya mwisho ya mitihani ya muhula. Wazazi wakaao mbali wanaweza kutia sahihi katika barua na kumpa mtoto ailete.

Darasa la jioni ni Jumanne na Alhamisi, saa kumi kamili, katika chumba cha kidato cha pili B. Mwanafunzi aje na daftari la mistari na penseli iliyochongwa. Mwenye filimbi, dufu, zeze au ilimba nyumbani anaruhusiwa kuja nacho.